Misitu Iliyo Chini ya Bahari

Mtu akitaja neno msitu, mara moja twafikiri miti mirefu, kivuli kizito na milio ya ndege. Lakini iko misitu mingine ambayo haina mti hata mmoja, wala shoka halijapata kuifikia, na watu wengi huishi na kufa pasipo kujua ya kuwa ipo. Misitu hiyo imo baharini. Miti yake ni mwani wa rangi ya kahawia, na ndege wake ni samaki.

Mwaka 2007 shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, ambalo hutunza orodha ya viumbe walio hatarini duniani kote, liliingiza katika orodha hiyo aina 74 za mwani kutoka visiwa vya Galápagos, vilivyo katika Bahari ya Pasifiki. Aina 10 kati ya hizo ziliwekwa katika daraja la hatari iliyo kubwa kuliko zote, na 6 katika hizo 10 ziliandikiwa neno zito: huenda zimekwisha kutoweka. Baadhi yake ni mwani wa kahawia ambao haujapata kuonekana mahali pengine popote ulimwenguni.

Habari hii haikupigiwa ngoma. Lau angalikuwa tembo au kifaru aliyepotea, magazeti yote yangaliandika, na watoto shuleni wangalifundishwa jina lake. Mwani haulii, haukimbii, wala hauna macho ya kumtia mtu huruma. Hata hivyo, ndani ya habari hii limo swali ambalo lafaa kila mwenye akili alitafakari. Bahari ni moja. Haina ukuta wala lango, na maji yake huizunguka dunia yote. Basi, yawezekanaje mmea wa bahari ukaisha, hali bahari yenyewe ingalipo, imejaa maji yale yale?

Ili tupate jibu, ndugu msomaji, hatuna budi kwanza kuujua mwani huu ulivyo, kisha tukijue kisiwa cha bahari kuu kilivyo, na mwisho tuone yaliyotokea Galápagos.

MWANI WA KAHAWIA NI KITU GANI

Wataalamu huugawanya mwani mkubwa katika makundi matatu kwa rangi zake: wa kijani, mwekundu na wa kahawia. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, hasa akina mama, ambao tangu mwaka 1989 wamekuwa wakilima mwani kwa biashara, hulima mwani wa kundi jekundu, ijapokuwa machoni waweza kuonekana wa kijani au wa kahawia. Huu tunaousema leo ni ukoo mwingine kabisa. Ndani yake imo rangi ya kidhahabu ambayo huufunika ukijani wake na kuusaidia kunasa mwanga hafifu wa chini ya maji. Aina zake zilizopewa majina zakaribia 2,000, na karibu zote huishi katika maji ya chumvi.

Mwani hauna mizizi kama muhogo au mwembe. Una kishikio tu, ambacho kazi yake ni kuung'ang'aniza mwambani usichukuliwe na mawimbi. Chakula chake haukitafuti ardhini bali hukinyonya kwa mwili wake wote kutoka katika maji yanayoupitia. Maana yake ni kwamba maji yakikosa rutuba, mwani hufa njaa hata kama mwamba wake ni imara. Jambo hili tulishike, kwani tutalihitaji mbele.

Aina za mwani wa kahawia hazilingani kwa umbo wala kwa ukubwa. Iko midogo kama Padina, yenye umbo la kipepeo cha mkononi, ambayo huota katika vidimbwi maji yakipwa. Iko ya kadiri, kama Sargassum na Turbinaria, ambayo mvuvi wa pwani yetu huiona kila siku ikiwa imetupwa ufukoni. Ukiibinya vidoleni hupasuka kwa mlio mdogo, kwa sababu ina vibofu vya hewa. Erik Jaasund, mtaalamu kutoka Norway, aliiandika mingi ya jamii hizi katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mwani wa Tanzania uotao kati ya maji kujaa na maji kupwa.

Ulio mkubwa kuliko wote ni ule wa bahari za baridi, ambao mataifa mengi huuita kelpi. Aina moja yake, Macrocystis, hufikia urefu wa mita 45 na zaidi, nayo yaweza kurefuka sentimita 30 au zaidi kwa siku moja. Huo ndio unaofanya misitu ya kweli. Charles Darwin aliuona katika ncha ya kusini ya bara la Amerika mwaka 1834, akastaajabu kwa wingi wa viumbe waliokaa ndani yake. Alifikiri ya kwamba misitu ile ya majini yaweza kufananishwa tu na misitu mikubwa ya nchi za joto, na ya kuwa ukiiangamiza, viumbe watakaokufa pamoja nayo watakuwa wengi kupita wale ambao wangekufa kwa kufyekwa msitu wa nchi kavu. Mwaka uliofuata, yaani 1835, Darwin huyo huyo alifika Galápagos.

KISIWA KISICHO NA JIRANI

Visiwa si vya namna moja. Viko ambavyo zamani vilikuwa sehemu ya bara, kisha bahari ikapanda ikavitenga. Kisiwa cha namna hiyo kilipotengwa kilibaki na mimea na wanyama wake, kama mwana aliyegawiwa urithi kabla ya kuondoka nyumbani. Lakini viko visiwa vya bahari kuu, ambavyo havikupata kamwe kuungana na bara lolote. Vilizaliwa kwa volkeno, vikachomoza kutoka katika kilindi vikiwa mawe matupu yanayofuka moshi. Kila kiumbe kilichopo huko leo, au wazazi wake, kililetwa na upepo, au mkondo wa maji, au mabawa, au mkono wa binadamu.

Basi mwani hufikaje huko? Hapa ndipo hadithi inapogawanyika, kwa kuwa mwani wa kahawia una njia mbili za kusafiri, na njia hizo hazilingani hata kidogo.

Njia ya kwanza ni kuelea. Mwani wenye vibofu vya hewa uking'olewa na dhoruba hauzami, bali huwa chelezo. Waweza kuelea kwa majuma na miezi, huku ungali hai na umebeba mbegu zake. Katika bahari za kusini uko mwani mnene uitwao Durvillaea, ambao nyama yake ina vyumba vya hewa kama sega la nyuki. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza ya kuwa vipande vyake vilivyookotwa katika pwani ya Antaktika vilikuwa vimetoka visiwa vya Kerguelen na South Georgia, na kwamba vimesafiri zaidi ya kilomita 20,000 baharini. Safari hiyo ni nusu ya mzingo wa dunia! Haishangazi, basi, kwamba mwani huo umeenea katika visiwa vingi vilivyotawanyika kuizunguka Antaktika.

Katika bahari za joto twaona mfano wa namna hiyo katika Turbinaria ornata, mwani mgumu wenye miiba ambao upo katika pwani yetu na upo vile vile katika visiwa vya Tahiti, upande wa pili wa dunia. Matawi yake yanapozeeka hupata vibofu vya hewa, hukatika, huelea na kwenda kuzaa mahali pengine. Tangu miaka ya 1980 umezidi kuenea katika visiwa vya Polinesia vilivyo chini ya Ufaransa, hata ukafika katika visiwa vya Tuamotu ambako zamani haukujulikana.

Njia ya pili ni chembe za uzazi zisizoonekana kwa macho. Mwani usio na vibofu huzimwaga majini, nazo huchukuliwa na maji. Lakini chembe hizo ni dhaifu na maisha yake ni mafupi. Kwa jamii ya kelpi lipo na sharti jingine: chembe huota kwanza kuwa vijimwani vidogo mno, vya kiume na vya kike, na lazima viwili hivyo viwe karibu sana ndipo mwani mkubwa upate kuzaliwa. Chembe moja iliyopotea njia haiwezi kuanzisha ukoo. Kwa mwani wa namna hiyo bahari ya maili mia ni ukuta, na bahari ya maili mia sita ni kama mbingu na ardhi.

Sasa tumeanza kulipata jibu la swali letu. Bahari ni moja kwa yule awezaye kuelea. Kwa asiyeweza, bahari ni vijumba vingi vilivyotengwa, na kila kisiwa ni kijumba kimoja. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mwani usioelea, ukingo mwembamba wa miamba unaozunguka kisiwa kimoja ndio ulimwengu wake wote.

MAJI YA GALÁPAGOS

Galápagos ni visiwa vya volkeno vya nchi ya Ekwado, vilivyo juu ya mstari wa Ikweta, kiasi cha kilomita 1,000 magharibi ya bara la Amerika ya Kusini. Mtu angetazamia ya kuwa bahari iliyo juu ya Ikweta ni ya joto kila mahali, kama yetu. Galápagos sivyo. Mikondo mitatu hukutana hapo. Kutoka kusini huja mkondo wa baridi upitao pwani ya Peru. Kutoka kaskazini-mashariki huja maji ya joto ya upande wa Panama. Na kutoka magharibi huja mkondo wa ajabu ambao haupiti juu ya bahari bali chini yake, ukifuata mstari wa Ikweta kuelekea mashariki. Huo uligunduliwa mwaka 1952 na Townsend Cromwell, nao waitwa kwa jina lake.

Mkondo huo wa chini unapogonga visiwa vya magharibi, Fernandina na Isabela, hauna pa kwenda ila juu. Hupanda, ukileta maji ya kilindini ambayo ni ya baridi na yamejaa rutuba. Kwa hiyo kisiwa kilicho karibu kabisa na Ikweta huzungukwa na maji ambayo joto lake laweza kushuka hata karibu na nyuzi 15 za Sentigredi, huku visiwa vya kaskazini vya Darwin na Wolf, ambavyo havifiki hata maili mia mbili kutoka hapo, vina maji ya joto na matumbawe.

Ukiuelewa mpango huo wa maji umeuelewa mpango wa mwani. Upande wa magharibi palikuwa na aina nyingi na miili mikubwa, ikiwemo jamii ambazo mahali pake hasa ni katika nchi za baridi. Kaskazini mwani mkubwa huwa haba. Katikati yake palikuwa na mchanganyiko. Ni kama kuupanda mlima Kilimanjaro, ambako kila hatua ya juu ina majani yake. Ila Galápagos ngazi hiyo imelazwa juu ya bahari, kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Mwaka 1934 mtaalamu wa Marekani, William Randolph Taylor, alisafiri huko katika msafara wa Allan Hancock, na mwaka 1945 akachapisha kitabu kikubwa juu ya mwani alioukuta. Humo aliieleza kelpi ambayo si ya mahali pengine, akaiita Eisenia galapagensis. Vile vile alieleza mwani wa jamii ya baridi kabisa, akaupa jina linaloonyesha mshangao wake: Desmarestia tropica, yaani Desmarestia ya nchi za joto. Mwingine uliokuwa ukijulikana tangu karne ya 19, na ambao ulikuwa ukiota katika miamba ya pwani, ni ule uitwao leo Bifurcaria galapagensis. Hapana shaka wazee wa mwani hao walifika zamani sana kutoka bahari za baridi, wakabaki, na kwa miaka isiyohesabika wakabadilika hata wakawa watu wa hapo hapo, wasio na ndugu wa kufanana nao.

MSIBA WA MWAKA 1982 NA 1983

Wavuvi wa Peru tangu zamani waliona ya kuwa miaka mingine, karibu na Krismasi, maji ya bahari yao hupata joto na samaki hutoweka. Wakaiita hali hiyo El Niño, yaani Mtoto, kwa kumkumbuka Mtoto Yesu. Sisi wa Afrika ya Mashariki tuliijua vizuri mwaka 1997 na 1998, mvua zilipobomoa madaraja na nyumba zetu. Asili yake ni moja. Kwa kawaida pepo za Pasifiki husukuma maji ya joto kwenda magharibi. Pepo hizo zikilegea, maji ya joto hurudi mashariki na kuyafunika maji ya baridi kama blanketi, na ile rutuba ya kilindini haipandi tena.

El Niño ya mwaka 1982 na 1983 ilikuwa mojawapo ya zile kali kuliko zote zilizopata kuandikwa katika karne ya 20. Galápagos bahari ilipata joto kwa miezi mingi mfululizo. Kumbuka tuliyoyasema: mwani hula kutoka katika maji. Kwa hiyo ulipata mapigo mawili kwa pamoja, joto na njaa.

Walioonyesha msiba huo kwa macho walikuwa wanyama. Galápagos wako mijusi wakubwa wa baharini ambao hupiga mbizi na kula mwani, hasa mwekundu na wa kijani. Chakula hicho kilipokufa, mahali pake paliota mwani mwembamba wa kahawia ambao matumbo yao hayakuweza kuusaga sawasawa. Mijusi wakafa njaa huku matumbo yamejaa. Katika kisiwa cha Santa Fé zaidi ya nusu yao walikufa. Pengwini wa visiwa hivyo walipungua kwa kiasi cha robo tatu, na mnandi wasioruka walipungua karibu nusu. Uko samaki mmoja mdogo wa Galápagos ambaye tangu wakati huo hakuonekana tena.

Mijusi waliobaki walizaa, na pengwini nao waliongezeka polepole. Lakini baadhi ya mwani haukurudi. Bifurcaria galapagensis haikuonekana tena baada ya mwaka 1983. Desmarestia tropica ilikuwa imeokotwa kwa mara ya mwisho mwaka 1972. Aina nyingine za kahawia, kama vile Dictyota galapagensis na Spatoglossum schmittii, ziliingia katika daraja lile lile la hatari kuu.

Laiti mwani huo ungalikuwa wa pwani ya bara, pangekuwa na tumaini. Pwani yetu ni ndefu, na mkondo wetu hutiririka kwenda kaskazini. Mwani ukifa Unguja, chembe za mwani wa Kilwa na Mafia zaweza kuja kuupanda upya. Galápagos haina Kilwa. Maji yalipopoa hapakuwa na jirani wa kuazima mbegu. Umbali ule ule ulioulinda ukoo huo usichanganyike na wengine ndio ulioukatalia kurudi.

MKONO WA BINADAMU

Mtu aweza kusema: hayo ni mambo ya Mungu, nani awezaye kuuzuia upepo wa Pasifiki? Lakini El Niño haikuanza mwaka 1982. Imekuwa ikija na kurudi kwa maelfu ya miaka, na mwani huo uliishi katikati yake. Lazima tuulize kwa nini safari hii haukuweza kuinuka.

Mwaka 2010 Graham Edgar na wenzake, waliochunguza bahari hiyo kwa miaka mingi, walitoa maelezo ambayo yapasa tuyasikilize. Katika miamba ya Galápagos wako wanyama wa mviringo wenye miiba minene, wakubwa kama chungwa, ambao hutambaa na kuukwangua mwani kwa meno yao. Wanyama hao huliwa na kamba koche na samaki wakubwa. Kwa hiyo zamani palikuwa na mizani: mwenye miiba alikula mwani, na kamba akamla mwenye miiba. Uvuvi ulipokua, kamba na samaki wakubwa wakapunguzwa mno, na mwenye miiba akabaki bila wa kumtisha. El Niño ilipoudhoofisha mwani, jeshi la wakwanguaji lilikuwa tayari linangoja. Kila chipukizi lililotoka likaliwa. Mahali pengi palipokuwa na majani marefu pakabaki mwamba mtupu uliopakwa utando mwembamba wa rangi ya waridi.

Lawama hii tusimtwike mvuvi peke yake. Mvuvi wa Galápagos ana watoto wa kulisha, na kamba yule hakuliwa mezani pake. Mikia ya kamba ilisafirishwa kwenda nchi za kigeni, na katika miaka ya 1990 jongoo wa bahari wa visiwa hivyo nao wakachukuliwa kwa wingi kwa ajili ya walaji wa Asia. Mnunuzi wa mbali alipata kitoweo, mchuuzi akapata faida, na mvuvi akabaki na mwamba mtupu. Kadhalika joto la dunia linaloongezeka halikutoka katika mitumbwi ya wavuvi. Limetoka zaidi katika makaa na mafuta yaliyochomwa na mataifa yenye viwanda vingi. Desturi ya dunia ni ile ile: anayelipa si yule aliyekula.

Wala asidhani mtu ya kuwa Galápagos ni kisa cha peke yake. Katika kisiwa cha Gran Canaria, magharibi ya pwani ya Afrika, palikuwa na misitu mifupi ya mwani wa kahawia uitwao Gongolaria abies-marina. Katika miaka ya 1980 misitu hiyo ilienea zaidi ya hekta 900. Ilipopimwa tena mwaka 2016, haikufika hata hekta 10. Hapo haikuwa pigo la mwaka mmoja, bali miaka ya ujenzi wa pwani, uchafu na bahari kupata joto. Bandu bandu huisha gogo.

TUMAINI LILILOKO KILINDINI

Katika giza hili umeonekana mwanga, na mwanga wenyewe uko chini sana. Michael Graham na wenzake walifanya hesabu: kama kelpi yahitaji mwamba, mwanga wa kutosha, baridi na rutuba, ni wapi katika bahari za joto mambo hayo manne yanapokutana? Hesabu ikaonyesha ya kuwa hukutana katika kina cha kati ya mita 30 na 200, na ya kuwa maeneo yenye sifa hizo yazidi kilomita za mraba 23,500 duniani. Walipopiga mbizi Galápagos kuijaribu hesabu yao, waliikuta Eisenia imesimama katika vilindi ambavyo watu hawakuzoea kuvitazama. Habari hizo zilitolewa mwaka huo huo wa 2007 ambamo orodha ya hatari ilitangazwa.

Baadaye, mwaka 2022, Salomé Buglass na wenzake waliandika juu ya msitu mwingine wa kelpi, katika kina cha mita 50 hadi 70, juu ya kilele bapa cha mlima ulio chini ya bahari ya Galápagos. Waliugundua kwa chombo kinachoongozwa kutoka melini. Yawezekana mwani huo ni aina mpya kabisa. Huko chini maji hubaki baridi hata juu yake yakipata joto.

Tufurahi, lakini tusijidanganye. Kelpi imepata kimbilio kwa sababu yaweza kuishi kilindini. Mwani uliokuwa wa miamba ya pwani, kama Bifurcaria, haukuwa na ghorofa ya chini ya kukimbilia. Tena kimbilio si nyumba. Mtu aliyejificha pangoni wakati wa vita amenusurika, lakini hatusemi ya kuwa kijiji chake kimepona.

Serikali ya Ekwado haikukaa kimya. Mwaka 1998 ilitunga sheria maalumu ya Galápagos, ikaifanya bahari inayozunguka visiwa hivyo kuwa hifadhi ya kiasi cha kilomita za mraba 133,000. Meli za uvuvi wa viwandani zilipigwa marufuku humo, na ruhusa ya kuvua ikaachwa kwa wavuvi wenyeji walioandikishwa. Januari 2022 ikaongeza hifadhi nyingine ya kilomita za mraba 60,000, iliyopewa jina la Hermandad, yaani Udugu. Sheria haiupoozi upepo wa Pasifiki. Lakini yaweza kuwarudisha kamba na samaki wakubwa, ili El Niño nyingine ikija, mwani upigwe pigo moja na si mawili.

MWANI WATUHUSU NINI

Wako watakaouliza: sisi twatafuta unga na nauli, mwani wa Ekwado watuhusu nini? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mvuvi hali mwani, lakini hula samaki aliyekulia ndani yake. Msitu wa mwani ni malisho, ni nyumba ya uzazi, na ni ukuta unaovunja nguvu ya mawimbi. Ukiondoka, hakuna kengele itakayolia. Mvuvi ataona tu ya kuwa kikapu chake hakijai kama zamani, naye atadhani ni bahati mbaya.

Liko na somo jingine, lililo pana zaidi. Twaona ya kuwa mwani unaoelea, kama Turbinaria, wazidi kuenea, na ule usioelea wazidi kupungua. Mwani unaoelea ukipotea kisiwa kimoja, utarudi kutoka kingine. Mwani wa kisiwa kimoja ukipotea, umekwisha, hata kama bahari yote iliyobaki ni nzima. Kwa hiyo haitoshi kusema kuna mwani mwingi duniani, kama vile haitoshi kumwambia aliyefiwa na mwanawe wa pekee ya kuwa watoto ni wengi mjini. Wingi ni jambo moja, na aina ni jambo lingine.

Basi yapasa kilicho cha mahali pamoja kilindwe mapema, wakati kingalipo, wala si baada ya kuandikwa katika orodha. Tena kilindwe kwa kuitunza mizani yake yote, yaani mwamba, kamba, samaki na maji, kwani mwani haukuuawa na adui mmoja. Upepo hatuuwezi. Wavu, sumu na taka za pwani twaziweza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa mwani wa Galápagos uliokwisha kupotea, hata ukuta hauwezi kujengwa tena, kwa kuwa mbegu yake haipo popote.